Spoku

Sindano yangu ya kufumia ilikuwa spoku ya baiskeli.
Masanja aliinoa kwenye jiwe nyuma ya nyumba, Igogo,
akaipinda ncha kwa koleo ya kuazima,
akaniletea imefungwa kwenye gazeti kama nyama.
Hakusema kitu. Nami nikasema, "Mbona kali?"
Ndivyo tulivyopendana mwaka ule.

Nikaanza shuka la kitanda, uzi mweupe,
mimba ya Nkwimba ikiwa ya miezi mitano.
Nilidhani nitalimaliza kabla hajazaliwa.
Cheka tu. Hata mimi nacheka.

Kuna mistari niliyofuma mtoto akiwa titini,
kiwiko kimebeba kichwa, vidole viwili tu vikifanya kazi.
Hiyo imelegea, utaijua kwa kuigusa.
Kuna pale palipokaza kama kamba ya ng'ombe:
hapo ada ilikuwa haijatimia.
Na hapa, tazama, ua lina petali saba badala ya nane.
Dotto alishikwa na degedege saa tisa usiku,
nikatupa kila kitu, nikapanda naye kilima cha Bugando,
kanga moja, bila viatu.
Aliporudi anacheka sikulirekebisha lile ua.
Ya nane ingenisaidia nini?

Msimu wa vijidudu vya ziwa,
vinapoinuka majini kama moshi wa nyumba isiyo na watu,
vilijaa kwenye taa, kwenye uji, kwenye uzi.
Kimoja nilikifumia ndani. Kipo hadi leo,
cheusi, kama nukta
iliyowekwa katikati ya sentensi.

Wanga wa muhogo, jua la saa sita,
vitambaa vya kuuza navianika juu ya majabali
sambamba na nepi.
Ukitazama toka barabarani huwezi kujua
kipi ni cha kochi la mtu
na kipi kimetoka kwa Holo.

Shuka lile nimelifumua mara nne.
Mara ya kwanza Kulwa alitakiwa sweta la shule;
tukalichovya rangi ya bluu,
likampaka shingo wiki nzima, wenzake wakamwita Wino.
Mara ya pili mke wa mwalimu mkuu alitaka vitambaa kumi na viwili,
akalipa vinane.
Mara ya tatu Holo, miaka mitatu, alishika ncha ya uzi
akatoka nayo mlangoni,
akazunguka jabali, akazunguka choo, akapita kwa Mama Sitta
na mbuzi wake wote,
nami nyuma yake naukunja, naukunja, namtukana,
hadi nikamkuta amelala, ncha ingali kiganjani.
Mara ya nne ni ya Masanja. Hiyo siielezi.

Sasa nyumba ina nafasi.
Miwani nimenunuliwa, uzi naletewa kwa mfuko,
taa ni ya umeme, haina masizi.
Hakuna anayelia. Hakuna kinachoungua jikoni.
Nahesabu: arobaini na nne, arobaini na tano,
nafika mwisho wa mstari na hesabu imetimia.
Juzi ilitimia. Jana asubuhi ilitimia.
Mistari imenyooka kama ya kiwandani
na sioni ni ya mwaka gani.

Jana jioni simu ikalia. Nkwimba, yuko Geita,
nyuma yake sufuria zinaanguka, mtoto anadai kitu.
"Mayu, unafanya nini?"
"Nahesabu."
"Umefika ngapi?"
Nikatazama mikono yangu. Sikujua.
"Umenipotezea," nikamwambia.
Akaomba radhi, akasema basi anakata, atapiga kesho.
"Usikate," nikasema,
sikio likiwa kwenye simu,
huku nafumua mstari mzima taratibu.