Mshika Ndoo

Saa mbili na nusu usiku, Ijumaa.
Nazima taa ya kibanda, nabaki na redio.
Viatu kumi na viwili havina soli;
wenye navyo watavifuata kesho na matusi yao.
Leo nasikiliza.

"Kutoka kando ya ulingo, mimi ni Ndekirwa Massawe,"
na sauti ni ile ile
iliyokuwa ikiniambia kwa pumzi za kukatakata:
"Maji. Usimwage. Maji."

Nilimjua akiwa na kilo arobaini na nane na ubishi,
mpakia magunia pale Njoro, ghala la kahawa.
Gunia moja tulilijaza makapi na mchanga, tukalining'iniza darini,
akalipiga hadi likatema vumbi jembamba kama ukungu wa Julai,
tukakohoa sote mpaka Krismasi.
Alikuwa na ngumi ya kushoto isiyobisha hodi.
Watu walitoka kununua karanga, wakarudi
wakakuta mpinzani anahesabiwa.

Mkanda aliupata Dodoma, usiku wa mvua.
Tuliuvaa kwa zamu ndani ya basi, hadi kondakta.
Mama yake, Aikande, aliupokea kwa mikono miwili, akauliza:
"Na huu unafunga suruali gani?"

Kisha mkono.
Kifundo cha kidole cha kati kilihama, hakikurudi.
KCMC wakamtia vyuma viwili. Miezi tisa
nilimfunga kamba za viatu, yeye akitazama ukuta.
Baridi ya Juni, vyuma vile vilimwamsha kabla ya jogoo.
Akarudi ulingoni. Bingwa harudi, hurudishwa:
na mapromota, na madeni, na mimi.

Ndiyo, na mimi.

Arusha, raundi ya saba, kijana wa Unga Limited
mwenye mikono mirefu kama kamba za kuanikia.
Nilipaka vaselini, nikabana barafu,
akaninong'oneza: "Naona pazia. Jeusi. Linashuka."
Nilisikia.
Taulo lilikuwa begani mwangu,
taulo la bluu, halifiki robo kilo.
Nikamwambia, "Raundi mbili tu, kaka. Unaongoza."
Hakuwa akiongoza.

Daktari wa macho alisema neno refu. Sisi tukaelewa fupi.

Mwaka mzima alikaa kibarazani akitazama mlima kwa jicho moja,
akisema Kibo imesogea.
Halafu wale wa redio, ghorofani juu ya duka la pembejeo,
wakamwita asimulie pambano moja. Malipo, soda.
Alikuwa mbaya! Alinyamaza penye ngumi,
akaongea penye kimya,
akasema "ona hapo!" kwa watu walioko gizani.
Nakijwa, binti wa mitambo, akambandikia karatasi mbele ya maiki:
HAWAONI. WAPE MACHO.
Wanasema alicheka hadi akatoa machozi:
"Lenyewe ninalo moja, na bado nigawe?"

Usiku huu yuko Majengo, raundi ya sita.
"Kijana anakanyagia kisigino, wasikilizaji.
Miguu ndiyo husema kwanza, uso hufuata baadaye.
Anageuza kichwa kizima kama kuku,
maana haoni inayotoka kushoto.
Haoni. Narudia: haoni."

Kimya.
Sekunde tano za hewa tupu.
Umati unavuma kama mfereji uliofunguliwa bila zamu.
Kisha si mtangazaji tena:

"Kona! We, kona! Tupa taulo!
Tupa, ndugu yangu, tupa!"

Hasemi jina.

Nimesimama. Sijui nilisimama saa ngapi.
Kile kitambaa cha kung'arishia, cheusi kwa rangi ya miaka,
kilikuwa mkononi; sasa kiko kule mlangoni,
juu ya viatu vya watu,
na redio imekwisha kata kwenda kwenye tangazo
la mbegu za mahindi zinazovumilia ukame.