Ukimkanyaga Mtu Mguu

Dashnyam, mdogo wangu,
kesho lori la makaa litakushusha mjini,
nawe utalala bwenini, kitanda cha tatu kutoka dirishani,
kama hawajabadilisha mpango.
Usilie mbele ya Galsan, mtoto wa dereva.
Lia bafuni, kisha nawa uso.

Mama amekwisha kukufunda ya hemani:
kizingiti hakikanyagwi,
bakuli hupokewa kwa mkono wa kulia, wa kushoto ushike kiwiko,
na mikono ya joho hushushwa kabla hujampa mkubwa mkono.
Hayo unayo.
Mimi nakupa ya bwenini, ambayo Mama hayajui,
kwa kuwa alisoma miaka minne tu
mbuzi wakamwita arudi.

Soksi, Dashnyam.
Soksi za mvulana mmoja zaweza kuhamisha vitanda kumi na viwili.
Zifue jioni, uzianike juu ya bomba la joto,
wala si juu ya soksi za mwenzio.

Taa huzimwa saa nne.
Usinunue tochi. Mimi nilinunua,
nikajifunika blanketi gubigubi nikajiita msomi.
Ukurasa mmoja niliusoma mara saba,
na mara ya saba bado tukaamkiana kama wageni.
Bora ulale.
Saa kumi na moja alfajiri Bi Tserenhand huwasha jiko,
nje baridi inapasua ndoo,
nawe keti pale karibu na kuni, na daftari lako, kimya.
Hatakuuliza kitu.
Atakusogezea chai ya maziwa yenye chumvi:
ipokee vizuri, hata kama jicho moja bado limelala.

Usilolijua liandike kwenye kikaratasi,
kikunje, kitie ndani ya buti, chini ya kisigino.
Kutwa nzima litakuwasha.
Kanuni ya pembetatu mraba niliikanyaga wiki mbili
ikapanda mwilini polepole, kama baridi inavyopanda,
hadi ikafika kichwani, na haijashuka.

Kunakili usinakili.
Mimi nilinakili, na Enhzul akamwambia mwalimu,
na kuanzia Oktoba hadi Januari
tulipishana ukumbini kama milango miwili ya kabati.
Madawati yetu yalikuwa jirani. Rula ilikuwa moja.
Nilipiga mistari kwa ukingo wa kitabu
nisije nikamwomba.

Kisha siku moja, kwenye foleni ya supu,
buti langu likatua juu ya kiatu chake.
Unaijua ada yetu:
ukimkanyaga mtu mguu, mpe mkono palepale,
awe rafiki, awe adui, awe mtoto wa chekechea.
Nusu ya bwalo ilikuwa inatazama.
Nilikuwa na mkate, nikauhamishia kushoto, nikanyoosha mkono.
Akauacha ukining'inia kidogo.
Nilihesabu: moja, mbili, tatu, nne.
Akaushika. Wake ulikuwa wa baridi, umejaa wino.
"Swali la sita," akasema, "ulikosea hata kunakili."

Basi. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeomba radhi.
Usiku ule alinisogezea rula bila kuinua macho,
na kufika majira ya kuchipua majani
nilikuwa namweleza yeye pembetatu,
naye ananisahihisha tahajia,
kwa ukali, kama mtu anayechuna ngozi.

Sasa nikwambie jambo, na Mama asilisikie:
sikujikwaa.
Foleni ilikuwa imesimama tuli, sakafu kavu.
Niliutazama ule mguu kwa muda mrefu
kabla sijaukanyaga.

Mfuko wa kushoto nimekutilia jibini kavu, ngumu kama kokoto.
Ni nyingi kuliko unavyoweza kula peke yako.
Galsan naye hula.
Na kata kucha zako kabla hujapanda lori.