Neno Lisilo na Umoja

Nimelitafuta juto, moja tu,
la kutia mfukoni kama msumari uliopinda.
Halipo.
Kuna majuto, kama maji, kama matope,
vitu ambavyo mtu hahesabu, anazama tu ndani.

Mwezi wa kumi, huku Cimpunda,
niligeuza mtaro wangu kwa jembe, usiku,
shubiri mbili kuelekea kwa Mama Nsimire.
Shubiri mbili! Nilipima kwa kiganja hiki.
Nikajisemea: maji yana akili, yatajitafutia njia.
Mvua ya Novemba iliitafuta, ikaipata jikoni kwake:
sufuria, mafiga, debe la sambaza zilizokaushwa,
na ukuta wa mbao alioupigilia marehemu mumewe.
Asubuhi nilikwenda kumpa pole.
Pole! Nikaitamka vizuri, kofia mkononi.

Mwalimu Bisimwa, anayeshona viatu sokoni Kadutu
tangu shule ilipoacha kumlipa,
alinijibu bila kuuliza ni ya nini:
"Toba ni neno la safari. Waarabu wamelitoa
kwenye kurudi. Anayetubu anarudi alikotoka.
Na kujuta," akauma uzi, "kujuta sijui kumezaliwa wapi.
Labda huku huku kwetu. Hakusafiri. Kunakaa."

Kurudi, basi.
Lakini Bukavu yote ni mteremko:
kosa hushuka na maji, bure, usiku mmoja,
anayerudi hupanda kwa magoti yake.
Nilinunua mfuko wa saruji kule barabarani,
nikawakataa vijana wa kubeba,
nikazitukana ngazi za udongo moja moja,
nikapumzika mara tatu, na mara ya tatu,
niseme ukweli,
nikawaza kuuuza ule mfuko.

Nyumba yake iko chini ya yangu, njiani.
Wiki tano nilikuwa nazunguka nisiipite.
Nikabisha hodi.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu;
mimi nilidhani wanazungumzia kuchelewa tu.
Mlango aliufungua Cirhuza, mtoto wa binti yake,
miaka sita, kijiko mdomoni.
"Bibi hayupo. Wewe ni nani?"

Saruji ilikuwa ikinivujia mgongoni,
ikichanganyika na jasho, ikianza kushika.
Nikasema: mimi ni yule wa mtaro.