Pole ya Ukutani

Habari niliipata kwenye kundi la Barabara ya Kumi na Tatu,
kundi tulilolifungua kwa ajili ya taka na maji kukatika:
Kibwana fundi baiskeli hatunaye.
Alfajiri, nami bado kitandani,
shuka mpaka shingoni.

Nikaandika: Pole sana jirani, Mungu akupe subira.
Nikaongeza viganja viwili vya dua, vya njano.
Nikatuma.
Papo hapo, nyuma ya kisogo changu,
ukutani,
simu ya Mwantumu ikalia: ti.
Neno langu limefika. Limepanda sijui minara mingapi ya Ngamiani
likaja kushuka hatua tatu kutoka mtoni pangu.

Ukuta wetu ni wa tofali moja.
Miaka kumi na tisa najua kwao wamekaanga nini,
nani kanuna, nani anatafuta bisibisi usiku wa manane.
Zamani nilikuwa nagonga kwa mwiko, koo, koo,
naye anajibu kwa mwiko wake,
na hiyo ndiyo ilikuwa hodi yetu.

Ti. Ti. Ti-ti.
Kama bati linaloonja manyunyu.
Hadi jua linachomoza nimehesabu pole mia na arobaini:
wa Handeni, wa Maskati, mwali wetu aliyeolewa Mombasa,
na mmoja aliyebonyeza kicheko kwa bahati mbaya, akafuta.
Yote hayo nimeyahesabu
sijashusha mguu chini.
Kilio sikukisikia. Nilisikia sufuria ikiburutwa
na mtu mmoja.

Nilikwenda, ndiyo. Saa tatu,
na birika la chai, kama mgeni aliyetoka mbali.
Mkekani wanawake sita, mapajani simu sita.

Baada ya maziko akaja kijana, suruali kaifunga kamba kifundoni,
vumbi la njia ya Muheza mpaka kwenye kope.
Semboja, akasema. Hakuna aliyemjua.
"Nimekuja kwa baiskeli. Aliyenifundisha kuitengeneza ni yeye."
Lini? Wapi? Hawakuonana hata siku moja.
Kumbe kuna kundi la mafundi, watu mia mbili,
na Kibwana, yule asiyesema hata ukimkanyaga,
humo alikuwa mwalimu.

Kijana akaona haya. Akafungua simu pale ukumbini,
na marehemu akasema katikati ya matanga yake:
"Usikaze kwa hasira, mwanangu. Zungusha ringi, gusa moja moja.
Spoku iliyolegea hailii.
Hiyo ndiyo uishike kwanza."

Nyuma ya pazia, Mwantumu, aliyekuwa mkavu tangu alfajiri:
"Rudia."
Akarudia.
"Rudia, baba."
Mara ya tatu pazia likatikisika
na sisi sita, saba, tukazilaza simu kifudifudi,
tukaingia ndani.

Sijui niseme nini juu ya kitu
kilichonikalisha kitandani mimi wa ukuta mmoja
kikamtoa Muheza mtu wa watu.

Usiku, wageni wametawanyika, niliandika: Umelala?
Nikafuta.
Nikaenda jikoni, nikachukua mwiko.
Koo, koo.
Kimya. Mbwa wa barabara ya kumi na nne. Kimya.
Kisha simu yangu: ti.
"Ni wewe, au panya?"

Nikagonga tena.