Nyuzi Tatu Juu ya Sifuri

Gari linasema: tatu juu ya sifuri.
Limesema hivyo tangu bandani kwa Urpo,
lilikolala usiku kucha karibu na jiko la kuni,
na bado halijabadili kauli.
Nina magazeti mia na arobaini kiti cha nyuma,
saa kumi ya alfajiri, Sodankylä,
theluji ya kando imegeuka rangi ya maji ya dekio,
na lami yang'aa.

Lami yang'aa. Hapo ndipo mtu huuliza.

Urpo aliwahi kunionyesha kinapokaa:
alipiga magoti, akapenyeza kidole chini ya bampa,
akagusa kitu mfano wa punje ya haragwe.
"Huyu ndiye shahidi wako," akasema.
"Jirani yake ni rejeta. Ukisimama, anaota moto wa injini.
Theluji ikimfunika, anang'ang'ania sifuri
kama mtoto aliyekariri jibu moja.
Hasemi uongo. Anasema anachohisi yeye."

Novemba iliyofuata, kwenye daraja la Kitinen,
gari la Urpo huyohuyo lilisoma nne.
Waliolivuta waliikuta namba bado inawaka,
ya kijani, tulivu, nne,
na pua ya gari imezama mtoni hadi kwenye taa.
Alivunjika mbavu tatu.
Nilimpelekea kahawa hospitalini, akageukia ukuta.
"Nilikuwa na haraka," akauambia ukuta.
"Ukiwa na haraka, nne ni namba nzuri sana."

Tangu hapo nimefunga kwa waya, kwenye kioo cha ubavuni,
kipimajoto cha dirishani kwa marehemu mama:
mstari mwekundu, na jina la duka la maziwa
lililofungwa kabla sijazaliwa.
Nacho kina ujanja wake. Jua la Machi likikigusa,
hujifanya kiko Uhispania.
Lakini sasa hakuna jua. Namulika kwa tochi:
sita chini.
Gari: tatu juu.
Baina yao nyuzi tisa, na mimi, na daraja,
na hakuna kati yao aliyeigusa barabara.

Nasimama. Nazima redio, sijui kwa nini,
kana kwamba baridi husikika.
Nashuka, navua glavu,
naweka kiganja chenye jasho juu ya ukingo wa chuma.
Chuma kinanishika.
Kinanishika kama mtu mwenye neno la kusema
ambaye hajui aanzie wapi.

Navuka kwa gia ya pili, polepole,
nikishika usukani kama trei ya mayai,
na magurudumu ya misumari yakitafuna, yakitafuna.
Ng'ambo, taa ya jikoni kwa bi Aulikki imeshawaka;
yeye husoma vifo kwanza, kisha hali ya hewa.

Langoni kwake ndipo gari linapokohoa mbili.
Moja.
Naingiza gazeti sandukuni, narudi, naketi.
Sifuri, linasema gari,
kama mjumbe anayenyoosha mkono
mkutano umeshafungwa na viti vinapangwa.
Asante, naliambia.
Yamebaki magazeti mia na thelathini na tisa.