Kitana Sakafuni

Miaka thelathini na minane nimenyoa vichwa vya Gyumri:
vya waashi wenye vumbi la jiwe jeusi masikioni,
vya mabwana harusi waliotetemeka kitini,
vya wazee waliobakiwa na nywele saba
na wanataka zote saba zilale upande mmoja.
Hakuna aliyewahi kunipiga.

Mpaka Manushak.

Paka wa kijivu, manyoya marefu kama uvivu,
mkia peke yake ungetosha kofia.
Akiiona brashi, masikio yanalala,
mkia unapiga zulia, pu, pu,
na kabla sijamaliza kulitaja jina lake
mkono wangu una mistari minne myekundu,
imenyooka kuliko ninavyonyoosha kisogo cha mteja.
Siranush ananipaka iodini, anacheka:
“Kinyozi hajinyoi, hilo nililijua.
Kumbe na paka wake hamchani.”

Nyuma ya masikio manyoya yalijisokota.
Kwapani likaingia fundo, gumu kama kokwa la aprikoti.
Nami, kwa kiburi cha kazi,
nilimviringisha kwenye taulo kama mtoto wa kubatizwa,
nikavuta.
Sauti aliyoitoa sitaisimulia.
Siku mbili alikaa chini ya kabati,
akila usiku, sisi tumelala.

Daktari wa mifugo, Zaruhi, alileta mikasi yake niinoe.
Akasema, pua ikiwa kwenye kikombe cha kahawa:
“Hmayak, hebu vuta sharubu zako.
Hapo hapo, bila kushika shina.
Halafu uniambie nani mkali.”

Nikavuta. Machozi yakanilenga.

Basi kitana nikakiweka sakafuni,
karibu na jiko la kuni, siku tatu,
kama kitu kilichosahauliwa.
Akakizunguka. Akakinusa. Siku ya tatu
akakisugua kwa shavu lake,
utadhani yeye ndiye anayekichana.
Sikujitikisa, ingawa rohoni nilikuwa nashangilia
kama mtu aliyeona bao dakika ya tisini.

Nikaanza na kidole, chini ya kidevu.
Kisha mgongo wa kitana, meno yakitazama juu.
Kisha meno, shavuni, kufuata manyoya yanakolala,
mara moja,
na mkono chini.
Kipande cha kuku. Basi, tumemaliza, nenda zako.
Kesho yake mara mbili.
Keshokutwa mkia ukapiga zulia, nikarudi kwenye moja.
Ufundi wangu wote ulikuwa wa kumaliza kichwa.
Huu wa kuacha, tena kuacha
kabla hajaniambia niache,
hakuna aliyenifundisha.

Fundo la kwapani lilikula majuma matatu.
Unga wa mahindi kidogo, shina nimelibana kwa vidole
ili ngozi isipate habari,
nikilitengua kutoka nchani, unywele kwa unywele.
Ndani nikakuta mbegu ya magugu, ya majira ya joto,
ndogo, yenye ndoana.
Tangu Agosti ilikuwa ikimchoma,
nasi tukimwita mkorofi.

Iko dukani, kwenye kisahani cha sarafu.
Wateja wakiuliza, ninasema ni mbegu.

Jumamosi akaja Tatul, miaka sita, mtoto wa fundi viatu,
yule anayeanza kulia tangu mlangoni.
Mashine sikuiwasha. Nikampakatisha.
Tukaitazama theluji, tukaizungumzia theluji.
Mama yake akatazama saa.
Baadaye mtoto akaigusa swichi mwenyewe,
ikanguruma, akaizima, akaiwasha.

Nimekata upande wa kushoto tu.
Mabega yalipoanza kupanda, nikaweka mkono chini.
Wa kulia Jumanne.
Mama amelipa nusu, kwa haki yake,
na Tatul ameshuka barabara ya theluji
na nusu ya kichwa chake,
kofia mkononi, ili watu waone.