Hela Yenye Tundu

Mashine hii niliinunua mnadani, idara ya maji,
mwaka walipotustaafisha mafundi kumi na wanne kwa barua moja.
Miaka ishirini na mitatu niliitembeza Ilala na Buguruni
ikinitafutia mabomba yaliyosahauliwa na ramani.
Sasa Jumapili, kabla jua halijakaza,
naileta bustanini Upanga, kwenye bembea isiyo na mnyororo,
napapasa nyasi kama daktari anayesikiliza mbavu.

Ardhi ya mji huu ina uongo mwingi.
Pwi: kizibo cha soda.
Pwi: kizibo cha soda.
Pwiii, ya kujitapa: wembe, nao ukanila kidole.
Ufunguo wa kabati la mtu aliyekwishahama.
Senti hamsini yenye sungura, masikio yamelika;
nikakumbuka iliponunua andazi
na chenji ikabaki.

Pongwe, mlinzi wa lango, hunifuata kwa macho.
"Fundi, siku ukipata dhahabu
tusije tukajuana kwa vilemba."
Na kila nikitoka, lile lile:
"Basi niachie hela ya chai."

Siku hiyo, chini ya mkungu uliopasua ukingo wa saruji,
mashine haikupiga kelele. Iliguna.
Kama mtu anayekohoa chumba cha pili
ili ujue yupo.
Nikapiga magoti. Kisu cha jikoni, kijiko, kisha vidole.
Shibiri moja, mchanga wa kijivu.
Shibiri na nusu, kigae cha sahani yenye ua la buluu.
Halafu vitu viwili, vimegandana kama tende.

Nikavitemea mate, nikavisugua kwenye goti la suruali.
Cha kwanza shaba, kijani kwa kutu,
upande mmoja tai ametanua mbawa,
upande wa pili herufi za Kiarabu ndani ya shada la majani.
Nilikaa chuoni miaka mitatu kwa maalim Shomvi,
fimbo yake bado iko mgongoni;
nikasoma kwa kidole, herufi moja moja:
sharika... almaniya.
Kampuni ya Wajerumani.
Hii ndiyo pesa.
Pesa jina la kuzaliwa,
kabla neno halijatoka mwilini likaenda zake
kukaa kwenye ada, kwenye mahari, kwenye ugomvi wa mirathi.

Mfuko ukatetemeka papo hapo.
Umepokea shilingi elfu kumi kutoka kwa Hobokela,
binti yangu, yuko Mbeya, za dawa ya presha.
Mkono huu pesa isiyonunua kitu,
mkono huu pesa isiyoshikika.
Nilibaki nimepiga magoti, sisi watatu.

Cha pili kilikuwa chepesi, na tundu katikati.
Nani alikitunga kwenye uzi, akakivaa kiunoni
asiibiwe usingizini?
Uzi umeoza, kiuno kimeoza.
Tundu halikuoza.

Langoni Pongwe akanyoosha kiganja.
"Hela ya chai."
Nikamwekea hela. Yenyewe.
Akaigeuza, akaipeleka jichoni,
akanitazama kupitia tunduni muda mrefu,
mimi mzima nikaenea humo.
"Sasa hii, fundi, chai ya nani?"
Sikuwa na jibu. Nikamwongezea mia tano.

Jumatatu nikaenda Kisutu, kwa Damji sonara.
Akavaa kioo chake, akaishiwa maneno ya biashara.
Akataja bei. Nikamwambia rudia.
Akarudia, imepungua kidogo.
Nikaifunga pesa yangu kwenye leso, nikatoka,
na hadi leo sijui kama ni ujinga
au ni kwamba sikuona namna
ya kuuza pesa kwa pesa.

Jumapili iliyofuata, mkungu ule ule,
mashine ikaguna tena.
Sauti ile ile, ya chumba cha pili.
Nikachimba hadi kiwiko, moyo mdomoni. Patupu.
Nikainua kichwa:
Pongwe yuko nyuma yangu, anatafuna karanga,
funguo za lango kiunoni,
na katikati ya funguo, imefungwa kwa waya wa umeme,
hela.
"Vipi," akasema, "umepata?"